Sahani ya Tarishi

Leo pia, kabla sijafunua kitambaa cha tundu,
ameniita kwa sauti yako, Shaame:
"Mize, chai! Mize, halua kidogo!"
Na kile kikohozi chako cha alfajiri, nusu yake kicheko,
kakitoa vile vile,
hata paka wa jirani kageuza shingo.

Mwaka na miezi mitatu tangu wakubebe kwenda Mtemani,
na bado unaagiza.

Nilikuwa nampa, nisikufiche.
Halua iliyogandia kwenye kikapu,
chai ya maziwa kwenye kifuniko cha chupa,
kachori, kaukau za wajukuu, pembe ya andazi.
Mtoto akililia wembe mpe, nikajisemea,
nikampa wembe kila asubuhi,
nimeuchovya sukari.

Mpaka manyoya ya kifuani yakaanza kudondoka,
mdomo ukarefuka, ukapinda,
na mkia ule mwekundu uliokuwa ukiuringia mbele ya wageni wa Idi
ukawa ufagio uliokwisha kazi.
Nikamzungushia kanga, nikatoka naye Wete mpaka Chake
kwa kijana wa mifugo, mtoto wa Faki Kombo,
ambaye siku zote mikono yake inanuka ng'ombe.
Akambinua. Akampapasa tumbo kwa kidole kimoja.
"Bibi," kasema, "ini limejaa mafuta.
Huyu ana maradhi ya watu."

Maradhi ya watu.
Nikakaa kwenye benchi na tundu mapajani.
Nikaukumbuka mguu wako:
kidole kwanza, kisha unyayo, kisha chini ya goti,
na mimi nakukorogea vijiko vinne,
kwa kuwa ulitaka,
kwa kuwa ulinitazama vile,
kwa kuwa mke kumnyima mume chai
ni habari ya kufika msikitini kabla ya adhana.

Basi nimeingia chuoni na uzee huu.
Alizeti ni za kuhesabu, kumi tu, zisizidi.
Parachichi kwake sumu, hata kwa ncha ya kijiko.
Chumvi marufuku. Chai marufuku.
Mchicha uoshwe mara mbili. Boga lisiive sana.
Mbaazi zichemshwe bila nazi
(mbaazi bila nazi! mama angefufuka anizabe kibao).
Papai apewe na mbegu zake.
Na pilipili mbuzi, Shaame, huzitafuna jicho kavu:
ndege hausikii ule ukali, kasema kijana,
nami nikaona wivu.

Siku ya kwanza kaimwaga sahani nzima.
Mchicha ukutani, boga juu ya redio yako,
na tusi moja ambalo, wallahi,
sikujua kuwa ulikuwa unalijua.
Siku ya nne nimechoka.
Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake,
nikala boga lake mimi. Kwa kelele. Nikalamba vidole.
Kasuku ana husuda kuliko mke mwenza:
akashuka ngazi, hatua moja, akasimama, hatua nyingine,
akaninyang'anya mdomoni.

Tangu hapo tunakula pamoja.
Magauni yangu yamelegea begani.
Watoto wananiuliza, Bibi unaumwa?

Ila kuna jambo halinipi usingizi.
Akizoea kabisa, akisahau ladha ya halua,
ataiomba kwa nini tena?
Na asipoiomba,
wewe utaniita kwa lipi?

Leo, basi, aliposema, "Mize, halua kidogo,"
nilisogea mpaka pua yangu ikagusa waya.
"Hakuna," nikasema.
Miaka arubaini na moja,
na sijawahi kuijibu sauti hiyo neno hilo.

Akanyamaza. Jicho lake likapanuka, likasinyaa.
Nilidhani anatafuta tusi.
Akanyanyua pilipili mbuzi, ile ya manjano,
kwa mguu wa kushoto,
mguu mzima,
vidole vyote vinne vimeishika.