Moja Kumi na Tisa

Aulikki hakuzaa.
Alikuwa karani wa kiwanda cha mbao, Kemijärvi,
miaka thelathini na minne akihesabu magogo ya watu.
Alipostaafu, siku za Desemba,
jua likichungulia tu na kurudi lilikotoka,
aliketi dirishani na daftari la miraba
akiitazama mibetula ya ua wake,
vigogo vyeupe, wima thelujini:

1111111111111111111

Kumi na nane aliipanda mumewe, Urho,
kwa kamba na vijiti, hatua nne nne.
Wa kumi na tisa ulijiotea.
"Huu unaharibu hesabu," alisema Urho,
akafa kabla hajanoa shoka.

Basi mjane akaandika moja kumi na tisa, mstari mmoja,
akaanza kugawanya.

Kwa tatu, ikabaki moja.
Kwa saba, moja.
Kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu: moja, moja.
Kwa thelathini na saba aling'ata penseli kwa hamu,
maana mia na kumi na moja ni thelathini na saba mara tatu,
na kumi na nane ni tatu tatu, mafungu sita,
lazima itakatika!
Ikabaki moja.

Ndipo akacheka peke yake jikoni.
Zile za Urho zinagawika kama mkate wa moto,
kila mwenye kisu huondoka na chake.
Ongeza mmoja asiyealikwa,
visu vinagonga mfupa.

(Kwa kumi na saba zilibaki tisa.
Usiku huo alilala vibaya.)

Paavali, mwalimu mstaafu wa ng'ambo ya barabara,
alimwonea huruma: "Usigonge kila mlango.
Mgawanyi wake, kama yupo,
naye akigawanywa kwa kumi na tisa sharti abakishe moja."
Namba inayowachagulia wageni sare!
Akafuata: 191. 229. 419. 457. 571.
Majira sita ya baridi, penseli hazihesabiki,
alifika elfu kumi na kitu;
njia ilikuwa ya kupita bilioni.

Jouni, mtoto wa kaka yake, alikuja toka Oulu
na kompyuta nyembamba kuliko kitabu cha sala.
Kahawa haijapoa, akasema:
"Haigawiki, shangazi. Ila kwa moja, na kwa yenyewe."

Sisi namba kama hiyo twaiita tasa,
neno ambalo mkwe hulitema mlangoni
na mwenye kutemewa hulifuta usoni kwa upande wa kanga.
Kifini huiita namba ya mwanzo,
kwa kuwa nyingine zote huzaliwa humo, kwa kuzidishana.
Sijui lugha ipi imekosea.
Najua Aulikki aliambiwa neno la kwao,
na hata hivyo aliutazama mti wa mwisho kwa muda mrefu.

"Imechukua muda gani?" aliuliza.
"Hata sekunde haikufika."
"Basi haikuona kitu."

Akamkatia Jouni keki, kipande kikubwa mno.
Akafungua ukurasa mpya, akaiandika namba tena,
kwa herufi kubwa safari hii, maana macho yamechoka.
Karatasi ikaishia kumi na nane.
Ile moja akaiandika
kwenye kitambaa cha meza.