Kununua Jua

Thunder Bay, Januari. Jua limetoka kazini
saa kumi na moja na robo, halikuaga mtu.

Mti ulimwangukia Reijo msituni mwaka ule;
vidonge vya mgongo vinamfanya azungumze na ukuta.
Sheria inaturuhusu miche minne ya bangi.
Mimi nimepewa kazi ya kununua jua.

Dukani, kijana Devlin anapigapiga sanduku:
"Wati elfu mbili, mama!"
Nilisoma mita za umeme miaka thelathini na moja,
thelujini, mbwa wakinijua kwa jina.
Kizuri chajiuza; hiki kinapiga kelele.
Naomba soketi, nachomeka kimita changu:
mia moja na tisa.
Devlin anajikuna shingo.

Ya pili ni ya zambarau, rangi ya jeraha la juzi.
Chini yake hutatambua jani linalougua
na jani linalojifanya.
Naikataa. Mgonjwa wa kubahatisha
ninaye mmoja, anatosha.

Ya tatu nyeupe, bapa kama trei ya mikate,
haina feni, haina majigambo,
ina kitufe cha kupunguza mwanga,
maana mche mchanga huungua kwa kupendwa mno.
Bei inauma. Nalipa.

Sasa hema limesimama chumbani kwa Kaisa,
aliyehama akaacha nyota za karatasi darini.
Nimeinua taa shibiri tatu, nikashusha,
nikainua tena.
Reijo amekuja na kiti chake, polepole,
amekaa mbele ya zipu iliyo wazi,
mwanga magotini.

"Aune," ananiambia, "zima ile ya jikoni."