Fundo la Semboja

Barua ilibandikwa kando ya ratiba ya mitihani:
Mwalimu Semboja amehamishiwa Handeni.
Mistari miwili, mhuri, basi.

Alituachia wavu wenye kiraka cha gunia
na kamba ya mkonge aliyoifunga mwenyewe
nguzo ya kushoto, fundo
ambalo hakutaka tuliguse.

Jumatano alasiri, Chumbageni,
akaja Bi Nyange, filimbi shingoni
bado na kibandiko cha bei.
"Wavu uko chini," akasema. "Vidole vinne."
Tukanuna. Korogwe tuliwafunga kwa wavu huo huo.

Akalivuta fundo. Akaliuma kwa meno.
Nami, nahodha, nikatazama kucha zangu:
miaka mitatu mzee yule kaninoa,
sikuwahi kuitazama mikono yake.

Ndipo Mwantumu wa benchi,
ambaye jezi yake haijui jasho,
akainuka,
akakisukuma kitanzi ndani badala ya kukivuta.
Fundo likaachia kama mtu aliyechoka kubisha.

Wavu ukapanda.
Bi Nyange akamrushia mpira: "Anza wewe."

Hakuna aliyeniambia nitoke.
Nilihesabu tu, tulikuwa saba.
Nikaenda kukaa alipokuwa amekaa.
Ubao ulikuwa bado una joto.