Kiini Kipya, Yorkton

Saa tisa za usiku, Yorkton, mwezi wa pili.
Nje baridi imeshuka thelathini na nne chini ya sifuri,
malori yamelala, ghala la ngano limenyamaza,
na mimi nimekaa juu ya ndoo ya rangi,
koti mwilini, kibodi mapajani,
mbele ya seva iliyopima kila lori lililopita hapa
tangu kabla sijaijua theluji.

Naiuliza: umekesha muda gani?
Inajibu bila kiburi:
siku elfu moja mia nne na tatu.

Aliyeiwasha mara ya mwisho ni Orest Hnatiuk,
mwenye masharubu ya rangi ya chai,
aliyenifundisha kazi hii kwa kunung'unika,
akabandika karatasi kwenye mlango wa kabati:
USIGUSE. INAFANYA KAZI.
Kisha moyo wake ukasita mwezi wa Agosti,
katikati ya mavuno,
na mashine haikuarifiwa.

Kiini chake kimechakaa. Kina tundu.
Wezi wa mbali wanalijua tundu hilo kwa namba.
Makao makuu, kule Regina, yameandika barua tatu;
ya tatu haina salamu.
Basi.
Nimeshusha kiini kipya, muhuri wake nimeuhakiki,
nimenakili kila faili kwenye diski mbili,
moja nimeitia mfukoni
kama mtu anayetoka kwenye nyumba inayoweza kuungua.

Shangazi Mwatime angesema: kipya kinyemi, kingawa kidonda.
Angesema tena, siku hiyo hiyo, akijipinga bila haya:
usiache mbachao kwa msala upitao.
Nimemtii mara mbili.
Kwenye menyu ya kuwashia kipya kiko juu,
cha Orest kiko chini yake, hakijafutwa.

Amri yenyewe ni neno moja.
Nikiibonyeza, zile siku elfu na ushei zitakuwa sifuri,
na hapatakuwa tena mahali popote
panapohesabu kuanzia kwenye mkono wake.
Upuuzi. Ni mashine.
Nimebonyeza.

Feni zikashusha pumzi. Taa za kijani zikafumba, moja moja.
Kumbe ile sauti niliyoidhania upepo, miaka yote,
ilikuwa yake.

Kisha mistari myeupe, mbio, mbio, mbio,
halafu kituo:
*Kiini kimehamanika. Sioni mzizi.*

Nikacheka peke yangu, mvuke ukanitoka mdomoni.
Mwaka wangu wa kwanza hapa
ungeniuliza hali, ningekujibu hivyo hivyo.

Nikarudi kwa kiini cha Orest. Kikaamka
kama aliyeitwa kwa jina, bila kuuliza ni siku gani.
Nikatafuta hitilafu hadi nikaiona:
moduli ya diski haikufungashwa,
kipya kilitumwa safari bila ufunguo wa nyumba.
Nikafungasha, nikajenga upya, nikabonyeza tena.
Mara hii sikuwaza lolote. Kidole kilikuwa kimekufa ganzi.

Saa kumi na moja na robo mizani ikasema sifuri,
sifuri yenyewe, ile ya mizani isiyobeba kitu.
Umekesha muda gani?
Dakika nne.

Kwa lugha ya watu wa hapa
kiini cha mashine na punje ya ngano ni neno moja.
Orest aliufanya mzaha huo kila Jumatatu,
na kila Jumatatu sikucheka.
Sasa punje imenikwama kwenye soli ya buti,
naibandua kwa ukucha, sijui niitupe wapi.

Karatasi yake nimeiacha. Nimeongeza tarehe.

Honi. Lyle Petracek, lori la kwanza,
tani thelathini na tisa na kitu.
Analalamika kilo ishirini zimepotea.
Namwambia ni theluji, imedondoka njiani.
Anaitazama mizani, ananitazama mimi,
anatia saini.