Mafuta na Mkwaruzo

Komputa niliyoinunua kwa Kombe, nyuma ya soko la Barani,
haina leseni ya kulipia. Kila kilichomo ni huria,
na huria ina adabu yake: chagua mwenyewe.
Ikaniuliza, sauti ipitie kwa nani?

Nikaanza na Palsi. Palsi ni dalali.
Hupokea kila mzigo, wa simu, wa redio, wa kengele za ujumbe,
hamkatai mtu, ila hafiki kwa wakati.
Mama kwenye kioo ameshafumba mdomo
ndipo neno lake, "Geuza!", linatoka,
kama mtu anayeitikia salamu ya jana.

Nikamwita Jeki. Jeki hachelewi,
lakini Jeki ni nyakanga: kila waya niufunge kwa mkono wangu,
hapa kinywa, hapa sikio,
na nikikosea hagombi. Ananyamaza.
Nikapunguza bafa. Mia tano kumi na mbili.
Mia mbili hamsini na sita. Sitini na nne.
Mdomo na neno vikakutana,
na papo hapo: chrr. Tss. Chrr.

"Mashine imezeeka hiyo," Kombe akanicheka kwenye simu.
"Mjaribu mgeni, Paipwaya. Adai kufanya kazi ya wote wawili."
Nikamkaribisha mgeni. Mchapakazi, sikatai.
Mkwaruzo ukapungua.
Haukwisha.

Usiku wa tatu nimeshika ufutio,
nataka kupangusa kila chrr na kila tss niende nikalale,
mama akaingia na bakuli la uji.
Tangu wamkate koo kule Mombasa hasemi, hupiga meza:
pigo moja ndiyo, mawili la.
Nikamvika hedifoni. Nikacheza kipande.

Chrr. Mapigo mawili.
Tss. Pigo moja.
Nikarudisha nyuma, labda hakusikia vizuri.
Tss. Pigo moja, tena zito,
na kidole kikaelekea jikoni.

Mafuta!
Viazi karai vikitumbukia, na koti lao la unga wa manjano,
jioni ya Ramadhani, miaka sita sasa, kibarazani Maweni,
wateja wamejipanga na sahani zao,
na mimi na simu yangu mbovu, narekodi kwa mzaha.
Mimi, najiita fundi wa sauti,
nusura nimfutie mama karai lake.

Basi tukakaa. Yeye anapiga meza, mimi nakata.
La. La. Ndiyo, hiyo iache. La.
Bafa nikaipandisha hadi mia moja ishirini na nane,
mgeni akatulia.

Kisha nikacheza yote, tangu mwanzo.
Kwenye kioo mama anasema "Geuza!"
Kitini midomo yake inasema pia,
bila pumzi.
Sikutazama kioo. Nilitazama kiti,
nione kama neno linachelewa.

Halikuchelewa.

Nikahifadhi. Uji ulikuwa umeshapoa.