Safu ya Tano

Daftari la wakala lina safu tano:
jina, umri, kazi, mteja, sababu.
Ya tano kalamu yangu inaijua hata gizani:
hakufaa. hakufaa. hakufaa.
Miaka sita hapa Chikongola, nyuma ya duka la mabati,
nimeliandika neno hilo mpaka limelika kama sarafu.

Leo Nantende amerudi kabla ya saa nne.
Nilimpeleka Shangani, kwa Bi Raufa, akapike.
Mkono wake naujua, nimekula mchuzi wake wa korosho mbichi
nikasahau nilikuwa namfanyia usaili.
Jikoni hakufika.
Getini tu Bi Raufa alimtazama usoni,
kwenye zile chale alizochanjwa Kitangari akiwa mwali,
akanipigia simu:
"Nitafutie mwingine. Huyu watoto watamwogopa."
Halafu, kama mtu anayeongeza chumvi:
"Na asiwe wa huko kwao."

Nikauliza kwa nini. Akacheka.
"Mimi ndiye ninayelipa. Sokoni nikikataa nyanya,
mchuuzi ananidai maelezo?"

Nikanyamaza. Hoja ilikuwa na miguu.
Nyumba yake, jiko lake,
nani atamlisha mtu kwa mkono asioutaka?
Na Mzee Chitanda, mwenye ofisi, husema
mteja hana kosa, ana chaguo.

Lakini nyanya ikikataliwa
hairudi kwa miguu kutoka Shangani,
viatu vya kuazima mkononi visichakae.
Nyanya haisimami mlangoni ikauliza,
kama alivyoniuliza Nantende:
"Sasa mimi utaniandika nini?"

Mama yangu alikuwa na chale hizo hizo.
Nilizihesabu kwa kidole, usiku, mgongo wa koroboi,
kabla sijajua kuhesabu kitu kingine.
Bi Raufa hajui. Yeye hunisikia kwenye simu tu,
na sauti yangu nimeifua,
haina tena vumbi la Newala.

Nikafungua daftari. Safu ya tano.
Polepole, wino usiruke:
Amekataliwa kwa uso wake na kwa kwao.
Maneno yakazidi mstari, yakamwagikia safu ya mteja.
Nikayaacha huko.

Kisha ankara:
Bodaboda kwenda, elfu mbili.
Kurudi, elfu mbili (alitembea, lakini ilipasa).
Kutwa iliyopotea, elfu kumi.
Sababu:
hapo nikatafuta bei, nikakosa.
Nikaacha nafasi, ajaze mwenyewe.

Mzee Chitanda anarudi kesho kutoka Lindi.
Atasema nimemfukuza mteja. Huenda kweli.
Huenda kesho kutwa nami nikawa jina
katika daftari la mwingine, safu ya kwanza mpaka ya tano.

Nantende amekaa kwenye benchi,
anajipepea kwa fomu tupu.
Simu inaita. Namba ya Shangani.
Naitazama ikitambaa mezani kama mdudu aliyepinduka.

"Pokea," anasema Nantende.
"Watoto hawajala."