Sekunde Sabini na Tano

Jengo la tisa, mtaa wa mlimani, Gdynia.
Umeme ulipanda ghafla usiku wa Jumanne, ukashuka,
na simu ya mlangoni ikaamka asubuhi
kama mtoto mchanga: haijui jina la mtu.

Nikaitwa mimi. Januari, vidole havikunjiki,
bisibisi inang'ata kiganja.
Nikabonyeza, nikashikilia, taa ikapepesa mara tatu,
nikairudisha kwenye mipangilio ya kiwandani
na kuandika majina upya, kitufe kwa kitufe:
Kaczor, Wilk, Majchrzak, daktari wa meno.
Arobaini kwa saa mbili.
Nikajisifu. Nikaenda kunywa supu.

Wiki ya pili wakanipigia:
Bi Teofila wa ishirini na tatu hafungui.
Mleta dawa alibonyeza, akasubiri, akaondoka.
Binti yake, kutoka Elbląg, alibonyeza
mpaka theluji ikamjaa mabegani.

Nikapima waya. Mzima. Nikapima spika. Nzima.
Nikagonga mlango, nikasoma tangazo la lifti mara mbili,
ndipo kitasa kikazunguka.
"Inalia," alisema, "nami naenda.
Nikifika, kimya.
Nilidhani watu wamepungukiwa subira mwaka huu."

Chini, nyuma ya kabati la nyaya,
kwenye karatasi ya biskuti, palikuwa na flashi.
Ya Ireneusz, aliyekuwa fundi kabla yangu,
siku hizi anafuga nyuki huko Toruń.
Mali bila daftari, wasema... na daftari lilikuwepo.
Mimi ndiye sikuliuliza.

Nikafungua nakala. Novemba, miaka minne nyuma.
Muda wa kuita: sekunde thelathini, thelathini, thelathini,
chumba baada ya chumba, thelathini.
Ishirini na tatu: sabini na tano.

Hakuna maelezo.
La nane: mlio wa chini kabisa, saa saba hadi saa tisa mchana.
(Mtoto huyo sasa ana skuta, ananigonga nayo miguuni.)
La thelathini na moja: liite pia thelathini.
Kwa nini? Sijui. Nimeliacha hivyo.

Nikarejesha. Asilimia tatu, tisa, arobaini,
ikasimama hapo
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni,
kisha ikaenda.
Waliohama wakarudi wote mlangoni kwa majina yao,
yule aliyeuza, yule aliyefukuzwa,
mume na mke wa kumi na saba, bado kitufe kimoja.
Nikawafuta taratibu, kwa adabu,
nikaweka walio hai na wanaolipa kodi.

Nikatoka nje. Nikabonyeza ishirini na tatu.
Kumi. Ishirini. Thelathini:
hapa ndipo nilipokuwa nikimkatia.
Arobaini. Mbwa wa mtu akaninusa, akaenda zake.
Hamsini na nne, hamsini na tano,
huenda sasa yuko kwenye kona ya meza,
huenda ameshika ukuta.
Sitini na nane.
"Halo?"

Nikasahau nilichotaka kusema.
"Fundi," nikasema. "Najaribu tu."
"Basi ingia, baridi hiyo."
Mlango ukanguruma.

Nilinakili upya kabla ya kufunga kabati.
Flashi mbili, moja kwenye biskuti ileile, moja mfukoni.
Kwenye nafasi ya maelezo, Ireneusz aliyoiacha tupu,
niliandika:
*23: usimkatie. Yuko njiani.*